Ubao wa Babu

Saa kumi alfajiri, Kutaisi, mtaa wa chini,
tanuri la udongo limekwisha kuwa jekundu.
Baba anainama, kichwa mbele, nusu mwili ndani,
anabandika unga ukutani kwa kofi moja,
anatoka, anameza hewa, anainama tena.
Mara mia tatu kabla ya jua.
Miaka kumi na tisa.

Bega la kulia lilianza kwa kunong'ona.
Akalipaka dawa ya kuchua.
Likasema. Akalifunga shali la mama.
Likapiga kelele, naye akajifunza vidonge:
kimoja kabla ya unga, kimoja baada ya kuni,
viwili Pasaka ikikaribia.
Tumbo nalo likaanza kuwaka.
Akanunua kidonge cha kukituliza kidonge.
Mimi, muuzaji wa dirishani, nilihesabu vichupa
kama wengine wanavyohesabu mikate.

Daktari Lamara alilitazama bega, hakuligusa.
"Huu mwako si adui," alisema.
"Mwili umeona jeraha, umetuma watu wake:
damu ya moto, maji, askari wasiolala.
Kazi yao siku chache, kisha waende zao.
Kwako wamejenga kambi.
Ukiwapa vidonge wanasinzia.
Lakini nani anayewaita kila asubuhi?"

Baba alisema hajui, daktari ni nani kati yao.

Basi akaja mwenyewe, alfajiri, koti juu ya nguo ya kulalia,
akakaa juu ya gunia la unga,
akala mkate wa moto bila kusema asante.
Bega hakulitazama.
Alitazama miguu.

"Ubao huu unaosimamia, nani aliupigilia?"
"Marehemu baba yangu."
"Mrefu kukupita?"
"Shibiri nzima."
"Basi, Tengizi, umekuwa ukinyoosha mkono wa mtu mwingine."

Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema.
Chake kilikuwa chini ya viatu.

Alinuna wiki nzima.
Ubao ule una mabonde mawili, nyayo za babu,
na mtu hang'oi nyayo za baba yake
kwa sababu ya bega.
Jumapili nikasikia nyundo.
Hakuung'oa. Ameweka mwingine juu yake, wa mjozi,
unene wa vidole vinne,
na cha zamani kinapumua gizani chini ya kipya.

Sitasema amepona.
Mvua ikija kutoka milimani bega hulijua kabla ya redio.
Vidonge viwili bado viko mfukoni, vimejaa unga.
Mchana analala sasa, jambo analoliona aibu,
na kuni anabeba kijana wa jirani.

Ila kwa miaka yote mimi niliamshwa na mguno wake
alipovaa shati, mkono wa kulia kwanza.
Saa sikuwa nayo, sikuihitaji.
Alhamisi iliyopita nilichelewa kuamka.
Dirisha limefungwa, wateja wanagonga,
mikate imepangwa, inapoa,
na baba amesimama katikati ya chumba, shati mwilini,
anacheka kwamba sikumsikia.