Ukungu na Ukungu

Vishikwambi kumi na viwili, watoto arobaini na mmoja,
na waya mmoja wa chaji unaokubali ukiukunja hivi.
Darasa la Sita, Newala, mwezi wa sita, saa mbili na robo.
Madirisha meupe. Mlingoti wa bendera hauonekani.

Somo la leo ni kuchora ramani:
maneno yamekaa ndani ya viduara,
mtoto anavuta mstari kwa kidole,
jua kwenda mvuke, mvuke kwenda wingu,
na chombo kinasema ndiyo kwa kijani,
hapana kwa nyekundu,
na hakisemi kwa nini.

Kundi la Bashiru limemaliza upesi.
Mistari kumi, kijani tupu,
mizuri kama mkeka uliosukwa na mtu mwingine.
Nikauliza: mvuke unapandaje, nani anausukuma?
Wakanitazama. Wakakitazama kioo.

Kwenye kona Somoe Nalinga anagombana na chombo.
Kuna ukungu kwenye mada ya hewa, juu kushoto.
Kuna ukungu kwenye mada ya viumbe, chini kulia,
jirani wa uyoga na hamira.
Yeye ameunganisha. Nyekundu.
Amefuta, ameunganisha tena. Nyekundu.
Mara ya tano kidole kimeacha njia ya jasho
pembe hadi pembe.

Nami, mwenye miaka kumi na tisa ya chaki,
nikainama na jibu langu mkononi:
Mwanangu, haya ni maneno mawili yenye sauti moja,
kama kaa la jikoni na kaa wa Msimbati.

"Najua," akasema. "Sijaunganisha jina."
Akaivuta picha ya hadubini kwa vidole viwili,
vidole vyenye njano ya salfa kwenye kucha,
ikakua mpaka tukaona nyuzi,
nyembamba, zimelala juu ya ua la mkorosho.
"Baba hupuliza salfa alfajiri,
jani likiwa na umande, unga ushike.
Umande unatoka kwenye ukungu ule."
Akaelekeza dirishani.
"Wiki ikiwa nyeupe hivi, maua yanavaa unga, yanakauka.
Wiki ya jua, hayavai.
Ukungu ule unaulea huu."

Bashiru akageuka.
"Basi upepo nao upate mstari."
"Kwenda wapi?"
"Kwenye nyuzi. Mkorosho wetu uliugua
baada ya wa kina Lukanga, na hatukugusana."
Wakabishana, sikuwanyamazisha.
Kioo kikalala kwa kukosa kuguswa,
hakuna aliyekiamsha.
Lukanga akaokota kipande cha chaki
akaendelea sakafuni, duara, mstari, duara,
chini ya madawati, mpaka kizingitini.
Kisha akauliza, uso mkavu kabisa:
"Mwalimu, tukipuliza salfa dirishani,
mlingoti utaonekana?"

Jioni ripoti imefika kwenye simu yangu.
Nalinga S.: majaribio matano, makosa matano.
Bashiru: asilimia mia.
Nimeisoma nimesimama, sufuria ya mihogo ikitokota,
mfuniko ukitoa machozi upande wa ndani.

Mfuniko.
Hakuna ukungu humu jikoni, na matone yapo.
Basi umande hautoki kwenye ukungu.
Wote wawili wana mama mmoja, baridi,
na mstari wa Somoe uliokosea
siyo ule ulioiva wekundu,
ni huu wa kati, ambao mimi niliuitikia kwa kichwa.

Kesho nitaingia na sufuria.