Jiskra, Maana Yake Cheche

Waliniambia: usimchukue huyu.
Kwa lugha ya huku Moravia jina lake ni cheche,
na cheche, alisema mfugaji akifunga lango,
haiulizi nyumba ni ya nani.

Nikamchukua. Miezi miwili, masikio makubwa kuliko akili,
manyoya rangi ya mkate uliozidi moto,
uso mweusi kana kwamba ametia pua chunguni.
Usiku wa kwanza alikula kamba ya kiatu changu cha kazi,
cha kushoto.
Cha kulia hajakigusa hata leo.

Bibi Květuše ndiye aliyetufunza, nyonga mbovu, filimbi shingoni.
Nilipopaza sauti alinigonga bega kwa mkongojo:
"Mbwa si kiziwi, Radovane. Anangoja umalize kelele
ndipo aseme na wewe."

Alfajiri za Novemba, shamba la viazi-sukari limekwisha vunwa,
udongo juu sakitu, chini bado tope.
Natembea hatua fupi fupi kama mtu anayepima kaburi,
katika kila unyayo kipande cha soseji, kidogo kama ukucha.
Nusu saa tunangoja garini, vioo vimefuka mvuke,
yeye akipiga mluzi mwembamba puani,
mimi nikinywa chai ya chupa iliyokwisha poa.
Kisha: "Stopa."
Pua chini. Dunia yote ikawa ni unyayo huo,
na unaofuata, na unaofuata,
pumzi fu, fu, fu,
na kamba ya mita kumi ikitambaa nyuma yake
kama mkia wa pili.

Kuuma hakukuhitaji mwalimu.
Otakar, muuza nyama, alivaa mkono wa magunia,
akakimbia kuelekea uzio; Jiskra akaruka,
akaning'inia pale kama shuka kambani, macho yakimeta.
Kuachia ndiko kulikotula mwaka mzima.
"Pusť," nasema. Ananitupia pembe ya jicho: umesema nini?
Mwaka mzima!
Mpaka siku moja nilinyamaza. Nilisimama tu,
nimechoka, mikono mfukoni,
naye akaachia mwenyewe, akaketi,
kama mtu aliyekuwa akingoja kuombwa kwa adabu.

Na huyu anayening'inia mkononi mwa mwanamume wa kilo mia
anaogopa mwavuli.
Mvua ikinyesha tunarudi nyumbani tumelowa sote wawili.

Aprili, mashindano ya wilaya.
Kwenye kona ya tatu alisimama. Akainua kichwa, akazunguka,
akataka kwenda kushoto, kwenye majani marefu.
Mimi nilikuwa nimemwona sungura akikatiza pale.
Nikasema moyoni, ni sungura huyo.
Nikavuta kamba. Kidogo tu, upana wa kidole.
Akanitazama,
si kwa hasira; vile karani anavyomtazama mteja
aliyetia saini pasipotakiwa,
kisha akainamisha pua, akaenda kushoto.
Hatua arobaini. Akalala chini.
Kati ya miguu yake ya mbele, glavu ya ngozi.

Mwamuzi aliandika: mbwa, hana kosa.
Mwongozaji, alama sita zimekatwa.
Bibi Květuše alicheka mpaka akaishika nyonga.

Jioni ile soseji ilikuwa imekwisha, hata chembe.
Upo msemo: mkono mtupu haulambwi.
Nilikaa nyuma ya gari, mlango wazi,
mkono umelegea gotini, unanuka kamba, na aibu kidogo.
Aliulamba, kidole baada ya kidole,
akianzia kile kilichovuta.

Kisha akachukua kiatu changu cha kushoto
akaondoka nacho gizani.