Nane Mara Tano

Za mwizi ni arobaini, walisema ofisini.
Setilaiti hupita kila siku ya nane:
nane mara tano, hesabu imetimia,
nami nikapewa pikipiki, fomu na jina la kijiji.

Mambrui, mwezi wa pili. Udongo umefunga mdomo.
Kaskazini, Ngomeni, masahani makubwa yamekinga juu;
mvua haijaingia hata tone.
Mahindi yamebaki vijiti,
lakini kwenye picha kuna kiraka kimoja
chenye ubaridi wa mtu aliyetoka kuoga.
Jani linalokunywa halichemki.
Huko juu hupima joto,
kutoka kwenye joto hukisia maji,
kutoka kwenye maji hukisia mkono.

Mkono ulikuwa wa Mbodze Tsuma.
Alikuwa akimwagilia mchicha kwa kopo la rangi
lililotobolewa kwa msumari.
Nikamwonyesha simu. Akaisogeza mbali, akaileta karibu.
"Shamba langu liko wapi hapa?"
Nikaweka kidole. Kidole kikalifunika lote,
na la jirani, na mkorosho, na choo.

Kiraka kimoja ni hatua arobaini kwa arobaini.
Tukakipima kwa miguu, yeye mbele, kopo mkononi.
Mchicha wake ulikwisha kwenye hatua ya tisa.
Zilizobaki zilivuka seng'enge, zikaingia kwenye matikiti
ya bwana ambaye hakuna aliyewahi kumwona,
ila pampu yake ya sola, ikikoroma
kama paka aliyeshiba.

Nikateremsha utepe kisimani kwa Mbodze.
Mwaka jana, pima tatu.
Sasa tano kasoro shubiri.
Niliusoma mara mbili, nikitumaini nimekosea,
kisha nikaufuta kwa suruali.
"Onja," akasema.
Nikaonja.
Ilikuwa ladha ile ya kumeza maji ukiwa mtoto,
unafundishwa kuogelea na mtu asiye na subira.

"Na hicho cha juu," akauliza, "huonja?"

Fomu ina mstari mmoja tu: Jina la aliyechota.
Sikuandika jina. Nilichora seng'enge,
hatua tisa upande huu, thelathini na moja upande ule,
na kwa kuwa karatasi haikutosha nikageuza nyuma.

Nilipowasha pikipiki akanifuata na fungu la mchicha,
amelifunga kwa ukindu.
"Usiutie chumvi," akasema.
"Umeshanywa yake."