Shimo la Mita Moja na Nusu

Kabrasha la zabuni lilikuwa na kurasa mia mbili na sita.
Rweyongeza alisoma wa kwanza na wa mwisho:
jina la mwenye jengo, siku ya kufungua sanduku.
Mimi nililipwa kusoma zilizo katikati.

Hosteli ya ghorofa nne, Kigogo, upande wa bondeni.
Karatasi ilisema udongo ni wa kawaida.
Kisha, ukurasa wa tisini na moja, kwa herufi za sisimizi:
"Mkandarasi atahesabiwa kuwa amejiridhisha na hali ya ardhi,
wala hatadai chochote kwa atakachokikuta chini."
Atahesabiwa. Yaani hata asipochungulia,
imeshaandikwa kwamba ameona.

Jumamosi nikamchukua Shomvi na sururu yake.
Mlinzi alitaka buku mbili ya soda, tukampa.
Tulichimba penye alama ya nguzo ya kona:
mchanga, kifusi, soli ya kandambili, chupa ya dawa ya kikohozi,
halafu ule mweusi, unaong'ang'ania koleo kama deni.
Kwenye mita moja na nusu shimo likaanza kutoa jasho.
Tulikaa ukingoni tukila mihogo ya kukaanga.
Mihogo ilipokwisha, maji yalikuwa yameshika mpini.
Shomvi akasema, "Hapa si msingi, hapa ni kisima."

Usiku ule, Tabata, umeme ukiwaka na kuzimika,
niliandika jedwali upya:
pampu mbili, dizeli ya siku sabini,
mbao za kushikilia kuta zisituangukie.
Nikahesabu masika, wiki sita za mafundi kukaa,
na bado Jumamosi ni Jumamosi, kila mtu anataka chake.
Nikahesabu faini ya kuchelewa, laki nane kila jua linapochwa.
Na dhamana ya benki, iliyoshikwa kwa hati ya nyumba,
nyumba ya Segerea, anamolala mama yake Rweyongeza.
Hiyo haikuwa na mstari wake kwenye jedwali.
Niliiandika pembeni kwa penseli, nikaifuta,
nikaiandika tena.

Rweyongeza alipoiona jumla alivua miwani.
"Kwa bei hii tunampelekea nani?
Wenzetu wataweka pungufu ya milioni mia."
Nikamwambia, wenzetu hawajachimba.
"Biashara ni kuthubutu, dada."
Nikamwambia, anayethubutu hupima kina kwanza.
Akanyamaza. Feni ikazunguka. Akasaini
kama mtu anayesaini daftari la rambirambi.

Tukashindwa. Wa tano kati ya sita.

Sijisifu. Mwaka ule tulipaka rangi kuta za watu,
tuliziba mapaa yanayovuja Ilala,
tuliuza mashine ya kuchanganyia zege,
na Shomvi akaenda Kibaha kufyatua matofali
kwa kuwa sikuwa na cha kumlipa kwa kuwa tulikuwa sahihi.
Usahihi hauna posho ya wiki.

Mwezi wa nne nilipita Kigogo, mvua ikinyesha.
Pampu tatu zilinguruma, zikitapika matope barabarani,
na maji yalirudi shimoni kama waliosahau kitu.
Nondo zilisimama dimbwini, kutu hadi mabegani.
Msimamizi, kijana wa watu, alijikunyata chini ya turubai
akifunua kurasa, akirudi nyuma, akifunua tena.
Nilikijua anachokitafuta.
Nilitaka kuvuka barabara nimwambie: ni wa tisini na moja.
Lakini mvua, na yeye ameshaloa,
na lile shimo letu, dogo lile,
nilisimama pale nikashindwa kukumbuka
kama tulilifukia
au tuliliacha wazi.