Ukuta Uliolika

Nyuma ya mlango wa nyumba yetu ya tembe, hapa Bahi,
kimo cha goti langu,
kuna shimo lenye upana wa kiganja.
Si panya. Si mchwa.
Ni Nyemo, mwanangu wa miaka minne,
aliyekuwa akiula ukuta kwa kucha,
punje kwa punje, kama mtu anayeonja chumvi.

Tulimchapa. Tukampaka pilipili vidoleni.
Akalamba pilipili, akarudi ukutani.
Mlenda hataki, ugali wa uwele hataki,
tumbo mbele, miguu nyuma,
mashavu rangi ya majivu.
Mama yangu akasema, mwacheni, ana hamu ya mvua huyo.
Tukacheka.
Kicheko kile hakijanitoka kooni.

Mimi ni mtu wa mbuzi.
Darini, kati ya kamba na kengele,
nilikuwa na chupa ya dawa ya minyoo
niliyoinunua mnadani.
Mbuzi kumi na tisa niliwanywesha,
kumi na tisa wakanenepa.
Basi nikapiga hesabu za zizini:
Nyemo ana uzito wa beberu mdogo,
nusu kifuniko kitamtosha.
Nilishafungua. Harufu ilishapanda.
Tausi akanishika mkono, wala hakupiga kelele.
Akasema, "Huyu ana jina."

Tukaondoka alfajiri, tukakata majarubani,
Nyemo mgongoni kwangu,
mwepesi kuliko nilivyotaka awe.

Pale zahanati, muuguzi Perusi
akamshusha kope la chini:
ndani peupe, kama unga wa ubuyu.
Akaomba choo, kidogo tu, kwenye kikopo.
Yeye akainamia hadubini, sisi tukainamia sakafu.
"Safura," akasema. "Huingilia nyayoni."
Nikatazama miguu ya mwanangu, kisha yangu.
Viatu tulikuwa navyo.
Vilikuwa vya Jumapili.

Akampima kwa kilo, si kwa macho.
Akaandika. Kidonge kimoja,
akitafune hapa hapa, namwona.
Na dawa ya kuongeza damu, kila siku, kama cheti kinavyosema;
akichangamka msiache,
na mkiiweka, wekeni mahali asipofika.

Nikamtajia ile chupa ya darini.
Kalamu ikasimama.
"Ile ilipimiwa mwili wa mbuzi, Malogo.
Mkono wako haukujua umebeba nini."
Nikajibu ndiyo,
kwa sauti niliyokuwa nayo shuleni.

Tausi akasogea. "Na mimi nipe basi.
Jaruba ni lile lile."
Perusi alishamimina kidonge kwenye kifuniko.
Akauliza, kama anayeuliza bei ya nyanya,
"Siku zako mara ya mwisho uliziona lini?"

Tausi akatazama dirishani.
Akahesabu vidole, akarudia kuhesabu.
"Kabla hatujapandikiza mpunga."

Kidonge kikarudi koponi. Kikalia *ti*.
"Chako kitasubiri, mama.
Mimba changa haipewi hii.
Miezi mitatu ya mwanzo ikipita, uje tuonane."

Hivyo ndivyo nilivyoambiwa kwamba nitapata mtoto:
kwa kidonge ambacho hakikutolewa.

Njiani hatukusema neno.
Nyemo aliomba maji, akaomba tena,
kisha akauliza kama nyumbani kuna mlenda.

Sasa mpunga umeshika masuke.
Chupa ya mbuzi nimeihamishia zizini,
nimeifunga kitambaa chekundu shingoni.
Tausi alirudi kwa Perusi kwa miguu yake,
ndani ya kandambili za bluu.
Na Nyemo anamaliza chake, anaiba changu,
halafu ananitazama kwa macho ya mwizi aliyeshiba.

Jana mama alikuja na ndoo ya udongo wa kukandika.
Nikamwambia, kandika kote,
pale nyuma ya mlango paache.
Akanishangaa.
Nikamwambia, anayekuja naye atatambaa.
Nataka niwe nalijua shimo hili lilipoishia,
ili likiongezeka hata kwa ukucha mmoja
nisiende darini,
nisiende zizini,
nivae viatu.