Karai la Bendang

Barabara ya Mokokchung imekatika tena:
mvua za Aprili, mlima umeteremka na mianzi yake,
lori la chakula cha mifugo limebaki ng'ambo ya tope
na dereva, nasikia, analala juu ya magunia.
Alale salama.
Bei yake ilitushinda hata lilipokuwa likifika.

Mama ametoa karai la bibi, lenye kiraka kitakoni,
akanituma bondeni na panga:
majani ya magimbi, yale ya shina la zambarau,
mgomba uliokwisha kuzaa,
viazi vitamu vilivyoliwa na fukusi upande mmoja.
Upande wa pili, asema, fukusi hakuuomba.

Nimesoma Guwahati miaka mitatu.
Najua protini, najua nyuzinyuzi,
nimekaa na daftari pembeni mwa moshi.
— Pumba za mpunga kiasi gani, mama?
— Alizoleta Alemla.
— Kaleta kiasi gani?
— Kwa kadiri ya deni lake.
Nikaandika: pumba, deni la Alemla.
— Na chumvi?
— Mpaka Bendang aache kunitazama.

(Bendang ni nguruwe. Tulimpa jina
la mwenye duka la magunia,
na hilo lisivuke ua huu.)

Magimbi mabichi huwasha koo, la mtu na la mnyama.
Basi tunachochea, tunakoroga kwa mti wa mpera,
hadi majani yalegee kama shuka kuukuu,
hadi povu litulie, hadi macho yetu yatoe machozi
ambayo hayana habari na msiba wowote.

Usiku nikapiga hesabu kwa mwanga wa simu:
tisa kwa mia. Haitoshi. Nikamwambia.
Hakubisha. Akanyosha mkono darini, juu ya moto,
akashusha kikapu cha soya ya mbegu,
akakaanga konzi mbili.
Ya tatu aliishika, akaipima kwa macho,
akairudisha.
— Hii ni ya mwezi ujao. Shamba nalo lina tumbo.

Asubuhi Bendang anakula kwa kelele,
masikio yamefunika macho,
anatafuna ada yangu ya mwaka wa nne.
Mama anamkuna mgongo kwa gunzi,
hamwambii lolote kuhusu Desemba.

Nimelifunga daftari.
Penye hesabu pana doa la utomvu wa magimbi.
Nimelisugua kwa sabuni, kwa limau.
Halitoki.