Kodi ya Tanuri

Mchoro wa kwanza niliuchora Longton, kituoni,
juu ya karatasi iliyofungia chapati za shayiri,
bado ina mafuta. Mistari saba, minane,
kalamu ikikimbia kama mtu aliyekumbuka jiko linawaka.
Mchoro wa namna hii hauna haya. Unakosea, unapita.

Wa pili una kivuli, una mng'ao,
una mvuke ambao hakuna kiwanda kitakachouunda.
Huo ni wa wenye pesa. Kizuri chajiuza, husemwa,
ila mimi nilikipaka rangi mpaka saa nane za usiku.

Wa tatu ni wa Bwana Tunnicliffe,
asiyetaniana na milimita.
Buli kwa mbele, buli kwa ubavu, buli kwa juu,
macho matatu yasiyopepesa.
Kisha akataka mkato: "Lipasue,
nione unene wa udongo pale mkono unaposhika tumbo."
Nikalipasua kwa rula. Hakikumwagika kitu.

Upo na ule wa vipande vilivyoachana:
kifuniko, chujio, mwili, kitako,
vinaning'inia hewani kwenye uzi mmoja wa nukta
kama ndugu waliogombana
lakini hakuna aliyehama mtaa.

Jumanne akaja Beryl Colclough.
Miaka thelathini na moja alichora maua
kwenye mabuli ya jengo hili hili;
sasa baridi yabisi imemkunja vidole,
chai humiminiwa na jirani.
Akashika mfano wetu wa povu, akaurudisha mezani.
"Mkono huu ni wa mtu mwingine."

Nikachora wake.
Mchoro huo sikufundishwa jina lake.
Kifundo, kifundo, pengo, kifundo.
Kwetu mkono wa buli na mkono wa mtu
ni neno moja; nimelisema tangu utotoni
na sikuwahi kulisikia.

Ijumaa nikatandaza karatasi mpya mezani.
Udongo hunywea motoni, sehemu kumi na mbili kwa mia;
tanuri hutoza kodi, na halisamehi.
Beryl akavua glavu, akalaza vidole vyake
ndani ya mkono uliochorwa,
polepole, kama anayejaribu pete ya marehemu.

"Hapa," akasema, "pananitosha."

"Basi hapatoshi," akajibu Tunnicliffe,
akanyoosha kiganja kwangu
nimpe kifutio.